Tunapima Sayansi au Tunapima Kiingereza?

Mnamo Februari 2025 Baraza la Kitaifa la Mitihani la Uganda, UNEB, lilitangaza matokeo ya kwanza ya mtihani wa kidato cha nne uliotungwa kwa kufuata mtaala mpya. Wazazi waliozoea kuuliza "Umepata daraja la ngapi?" waliduwaa. Hapakuwa na daraja la kwanza wala la nne, wala jumla ya alama za masomo yote. Palikuwa na herufi tu, A hadi E, kila somo na herufi yake. Hapa Ruti, pembezoni mwa jiji la Mbarara, mjadala uliofuata ulihusu herufi hizo. Je, C ni nzuri? Je, mwenye E amefeli? Ni maswali halali, lakini nadhani yalipita kando ya jambo lenyewe. La msingi ni namna herufi hizo zinavyopatikana, hasa katika masomo ya sayansi, na ni nani anayeachwa nyuma wakati zinapotafutwa.

Hoja yangu ni hii. Idara za sayansi katika shule zetu za Mbarara na za makazi ya wakimbizi ya Nakivale hazitajua kwa hakika mwanafunzi anaelewa nini, hadi zitakapojifunza kutenganisha mambo mawili ambayo karatasi ya majibu huyachanganya: anachokijua mwanafunzi kuhusu ulimwengu, na uwezo wake wa kukisema kwa Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa fizikia, na huenda mtu akasema kwamba nimevuka mpaka. Mpaka wenyewe ndio ninaoutilia shaka.

Tukumbushane kwa ufupi tulikotoka. Mtaala mpya wa ngazi ya chini ya sekondari ulianza katika kidato cha kwanza mwezi wa Februari 2020. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Ndiyo maana kundi la kwanza lilifika katika chumba cha mtihani mwaka 2024. Kwa utaratibu huu, asilimia 80 ya alama hutokana na mtihani wa mwisho wa UNEB, na asilimia 20 hutoka shuleni kwa njia ya tathmini endelevu: majaribio, miradi, kazi za vikundi, na zile shughuli jumuishi ambazo humkabidhi mwanafunzi tatizo la maisha na kumtaka alitatue kwa maarifa aliyoyapata darasani. Fizikia, kemia na biolojia ni masomo ya lazima hadi kidato cha nne. Kwa hiyo anayetaka kuwa mshonaji, mwanasheria au mchungaji wa kanisa atapimwa humo sawasawa na anayetaka kuwa daktari. Jambo linalomgusa kila mtoto bila hiari yake ni jambo la uraia, na kwa sababu hiyo naliandika hapa.

Tuchukue mfano wa maziwa, maana hapa kwetu Ankole maziwa hayahitaji utangulizi. Asubuhi na mapema utaona bodaboda zikipita na mitungi ya alumini kuelekea kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Kabla ya kuyapokea, mhudumu huchota kidogo, akatumbukiza chombo cha kioo kinachoelea wima, kiitwacho laktomita, kisha akasoma alama iliyo sawa na uso wa maziwa. Chombo kikizama kupita kawaida, mwenye mtungi hutazamwa kwa jicho la shaka: ametia maji. Mtoto wa mfugaji ameliona jambo hili mara nyingi kabla hajavaa sare ya sekondari.

Sasa linganisha maswali mawili. La kwanza ni la mtindo wa zamani: eleza maana ya msongamano, kisha utaje kizio chake. Aliyekariri ataandika kwamba msongamano ni tungamo likigawanywa kwa ujazo, ataongeza kilogramu kwa kila mita ya ujazo, naye atapata alama zote hata kama hajawahi kuona kitu kikielea. La pili ni hili: mfanyabiashara ameengua malai, yaani mafuta yanayopanda juu ya maziwa, akayauza kando. Halafu ameongeza maji katika maziwa yaliyobaki. Laktomita ya kituoni haikuonyesha kasoro yoyote. Eleza jinsi ilivyowezekana, na upendekeze njia ya kumgundua.

Hapa kukariri hakufui dafu. Mwanafunzi lazima atambue kwamba malai ni mepesi kuliko maziwa yenyewe, na ndiyo maana hupanda juu. Ukiyaondoa, kinachobaki kina msongamano mkubwa zaidi, na laktomita ingeinuka kuliko kawaida. Kisha yanakuja maji. Msongamano wa maji ni gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali ule wa maziwa ni takriban 1.03, kwa hiyo maji yanaushusha msongamano hadi palepale ulipokuwa. Udanganyifu wa pili umeuficha wa kwanza. Anayeweza kufika hapo ameielewa mada, na atajua pia kwamba hatua inayofuata ni kupima kiasi cha mafuta, kwa kuwa chombo kimoja peke yake kinaweza kuhadaiwa na mtu anayejua kinavyofanya kazi. (Mitihani nayo ni vivyo hivyo, lakini tuendelee.)

Shule isiyo na laktomita haina kisingizio. Chukua mrija wa soda, uzibe upande mmoja kwa nta, utie mchanga kidogo ndani ili usimame wima majini, kisha uutie alama za milimita. Kama mrija huo umezama sentimita 10 katika maji, katika maziwa halisi utazama takriban sentimita 9.7. Tofauti ni milimita 3 tu! Wanafunzi watabishana kama wameiona au hawakuiona, watarudia, watauliza kama maziwa ya moto yaliyokamuliwa sasa hivi yangetoa jibu lilelile. Katika ubishi huo kuna sayansi zaidi kuliko katika ukurasa mzima wa fasili, na mwalimu anayezunguka kati ya makundi akiwa na daftari lake anaweza kuandika alama za ile asilimia 20 kwa kushuhudia, si kwa kukisia.

Ubunifu wa namna hii si mgeni katika kanda yetu. Kenya ilianza mradi wake wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, SMASSE, mwaka 1998 kwa msaada wa shirika la Japani la JICA; Uganda ikafuata mwaka 2005 kwa mradi wa SESEMAT. Falsafa ya miradi hiyo ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuitenda: somo lijengwe juu ya shughuli, mwanafunzi awe kitovu, majaribio yafanywe hata kwa vifaa vya kubuni, na mwalimu apange, atende, ajitazame, kisha aboreshe. Neno ninalolipenda hapo ni "ajitazame". Ndilo walimu wengi tulilolisahau mara tu semina ilipokwisha na posho ikalipwa.

Turudi kwenye yale maziwa, safari hii tuyatazame majibu yenye kosa, maana jibu lenye kosa ndilo lenye habari. Mwanafunzi mmoja ataandika: "Laktomita ilizama kwa sababu maji ni mepesi, hayawezi kuishikilia." Mwingine ataandika: "Laktomita haizami katika maziwa kwa sababu maziwa ni mazito kama uji." Msahihishaji mwenye haraka atawapa wote wawili sifuri, au wote wawili nusu alama. Kumbe hawako mahali pamoja kabisa. Wa kwanza amekaribia. Amekosa istilahi tu. Wa pili amechanganya uzito wa kitu na ugumu wake wa kutiririka, na asiposaidiwa leo ataendelea kuamini hivyo hadi chuo kikuu.

Kosa la wa pili, wanafunzi wangu wa Kiswahili, limetoka katika lugha yetu. Kiswahili husema mzigo mzito, uji mzito, usingizi mzito, jambo zito. Kivumishi kimoja kimebeba maana ambazo fizikia haiwezi kuziacha zikae pamoja. Mafuta ya kupikia ni "mazito" kuliko maji ukiyamimina, lakini yaweke pamoja katika glasi uone yapi yataelea. Neno "msongamano", ambalo wengi tunalijua kwa magari ya Kampala saa za jioni, linasaidia zaidi: vitu vingi vimesongamana katika nafasi ndogo. Mwalimu wa fizikia akilitumia neno hilo kwa makusudi, tayari ameeleza nusu ya mada.

Ndivyo ilivyo kwa "joto". Kikombe cha chai inayochemka na pipa la maji ya vuguvugu, kipi kina joto zaidi? Kwa lugha ya nyumbani ni chai. Kwa lugha ya maabara, chai ina halijoto ya juu zaidi, lakini pipa limebeba joto jingi zaidi kwa sababu ya wingi wa maji yake. Wataalamu waliunda neno "halijoto" kwa ajili ya tofauti hiyo. Vivyo hivyo "nguvu". Tukisema betri imekwisha nguvu, tunakusudia nishati; tukisema sukuma kwa nguvu, tunakusudia kani. Istilahi hizi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Anayedai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi hajaenda maktaba. Anayedai kwamba Kiswahili kitaifanya sayansi iwe rahisi bila kazi yoyote naye hajafundisha, kwa sababu "mzito" atamngojea mlangoni.

Sasa twende Nakivale, katika wilaya jirani ya Isingiro, ambako suala hili lina makali zaidi. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo utakutana huko na Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na watu wa Sudan Kusini. Sokoni, zahanatini na kwenye foleni ya maji, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Kiswahili cha Kivu si kile cha Unguja, na hilo si dosari.

Mfikirie msichana aliyetoka Kivu Kusini. Miaka ya mwanzo ya shule alisoma kwa Kiswahili, kisha akahamia Kifaransa kama ilivyo desturi ya Kongo. Familia ikakimbia. Nakivale akaingizwa darasani kwa Kiingereza. Anajua msongamano kwa jina la Kifaransa. Nyumbani amewahi kumsaidia shangazi kuuza mafuta ya mawese, na anajua kwa mikono yake kinachoelea na kinachozama. Analisoma swali la laktomita. Neno la kuengua malai kwa Kiingereza halijui. Anaandika maneno sita, mawili kati yao ya Kifaransa. Anapata alama moja juu ya kumi. Alama hiyo inaingia katika daftari, daftari linaingia katika ile asilimia 20, na mwisho wa mwaka wa nne herufi inatoka inayosema kwamba msichana huyu ni dhaifu katika fizikia.

Je, ni dhaifu? Hatujui. Hatukumpima fizikia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 30, inasema kwamba watu wote wana haki ya elimu. Haikusema raia wote, imesema watu wote. Nchi hii imesifiwa duniani kwa kuwafungulia wakimbizi milango ya shule zilezile wanazosoma wenyeji, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mlango uliofunguliwa na kipimo kisichomwona aliyeingia ni mambo yanayogongana.

Wala si wakimbizi peke yao. Mtoto wa hapa Ruti amezungumza Runyankore nyumbani, na kwa mujibu wa mtaala wa msingi wa mwaka 2007, shule nyingi humfundisha kwa lugha hiyo katika madarasa matatu ya mwanzo kabla ya kumhamishia Kiingereza. Naye hubeba mzigo huohuo, ila kwa kimya zaidi, kwa kuwa hakuna anayemwita mgeni.

Tanzania imelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu huko mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza ghafla katika kidato cha kwanza. Mtafiti Halima Mwinsheikhe, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa biolojia, alifuatilia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinachotokea masomo ya sayansi ya sekondari yanapofundishwa kwa Kiswahili. Alichokikuta kinajulikana na kila mwalimu aliyewahi kufunga mlango wa darasa na kuzungumza lugha ya watoto: wanauliza, wanajibu, wanabishana. Penye Kiingereza tupu, wengi huitikia kwa pamoja au hunyamaza, na kuitikia kwa pamoja si ushahidi wa kuelewa.

Nasikia pingamizi likija. UNEB haisahihishi fizikia kwa Kiswahili. Ukimzoesha mtoto Kiswahili, umemwandalia anguko katika ile asilimia 80. Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu yake. Siombi mtihani wa fizikia kwa Kiswahili, angalau si leo. Ninachokitaka ni mpangilio wa hatua. Makundi yafanye jaribio na kulijadili kwa lugha wanayoimudu. Mmoja aeleze mbele ya darasa kwa lugha hiyohiyo. Kisha darasa zima, pamoja na mwalimu, lijenge sentensi za Kiingereza zinazobeba wazo ambalo sasa lipo vichwani. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba kitu huzama zaidi katika kimiminiko chenye msongamano mdogo anahitaji sentensi moja ya Kiingereza. Asiyeelewa anahitaji kukariri kumi, na siku ya mtihani zitamchanganyikia.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nami silipuuzi. Kiswahili si lugha ya wote. Msomali aliyefika Nakivale mwaka jana huenda hakijui. Na hapa Mbarara wapo wazee ambao masikio yao yanakikumbuka kwa namna nyingine: kilikuwa lugha ya askari wa Idi Amin, na Februari 1979 kikaja tena midomoni mwa majeshi ya Tanzania yalipouteka mji huu. Si rahisi kumwambia mzee wa aina hiyo kwamba lugha ya kambini ndiyo itakayomfundisha mjukuu wake kemia. Kwa hiyo sisemi Kiswahili na kisitumike kingine. Nasema lugha iliyopo kundini. Pale ambapo wanne kati ya watano wanazungumza Kiswahili, kitumike. Pale penye Runyankore, itumike. Asiye na mwenzake wa lugha apewe michoro, vifaa na muda wa ziada. Lakini maadamu mtaala mpya umeliweka somo la Kiswahili kuwa la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na baraza la mawaziri likaamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, ni ajabu kukifungia ndani ya vipindi vyake kama mgonjwa wa kutengwa.

Tufike kwenye idara yenyewe, maana mabadiliko hayatoki angani. Nitataja jambo moja tu ambalo, kwa maoni yangu, lingebadilisha mengi: kusahihisha pamoja. Mara mbili kwa muhula, walimu wa fizikia, kemia na biolojia waketi meza moja na majibu ya wanafunzi ishirini, majina yakiwa yamefunikwa. Kila jibu lisomwe na watu wawili. Kwanza waulize: wazo la kisayansi lipo? Waandike alama yake. Kisha waulize: lugha imeliwasilisha? Waandike alama nyingine, pembeni, isiyojumlishwa na ya kwanza. Na mwalimu wa lugha awepo mezani, kwa sababu ndiye atakayesema, "Huyu hakukosea sayansi, ametafsiri neno 'mzito' moja kwa moja."

Utaratibu huo ungeponya pia ugonjwa ambao hauzungumzwi katika mikutano ya wazazi. Alama za tathmini endelevu zinaweza kupikwa. Mwalimu mwenye wanafunzi mia katika chumba kimoja na makumi ya madaftari ya kujaza hujaribiwa kuandika alama zinazofanana kwa wote siku ya mwisho ya kuzituma. Mradi unaweza kununuliwa mjini na kukabidhiwa ukiwa bado unanuka gundi. Adhabu peke yake haitoshi kuzuia hayo; huzuiwa na macho ya wenzako. Ni vigumu kubuni alama ya mwanafunzi ambaye wiki iliyopita mliijadili kazi yake mezani, na ni vigumu kumpa A mwenye mradi ambaye mbele ya walimu wawili hawezi kueleza kwa nini mrija wake una mchanga.

Kuna kikwazo cha hisia ambacho lazima tukitaje. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali wa masomo ya sanaa alibaki mbali nyuma. Mwezi wa Juni mwaka huohuo migomo ikazuka. Tangu hapo katika vyumba vingi vya walimu pana meza mbili hata kama zimeunganishwa. Kumwomba mwalimu wa lugha aende kusaidia idara ya sayansi katika hali hiyo ni kumwomba ukarimu ambao hajatendewa. Naelewa anayekataa. Nadhani hata hivyo anayeumia kwa kukataa huko hana mshahara wowote. Ana miaka kumi na minne na daftari.

Jambo la kurudisha kazi kwa mwanafunzi nalipita haraka, kwa kuwa limeandikwa sana. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti kutoka Israel: wanafunzi waliopewa maoni ya maandishi bila alama waliendelea kufanya vizuri zaidi, ilhali waliopewa alama, hata zikiandamana na maoni, hawakunufaika vivyo. Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walikusanya ushahidi mwingine mwingi mwaka 1998 na kufikia mwelekeo huohuo. Mtoto akiona namba, huacha kusoma maneno. Nanyi mnajua ni kweli. Kumbukeni mlivyofanya mliporudishiwa insha zenu.

Lipo moja linalobaki ambalo idara haiwezi kulimaliza peke yake. Maswali ya mtindo mpya huanza kwa hadithi: fulani yuko mahali fulani, amekutana na tatizo, amefanya hivi na vile, wewe ni mshauri wake. Nia ni njema; yanataka umilisi badala ya ukariri. Lakini hadithi ni maandishi, na maandishi yamerefuka. Mtihani uliokusudiwa kumkomboa mtoto kutoka katika kukariri unaweza kumrudisha nyuma kwa mlango wa Kiingereza, kwa kuwa lazima asome aya nzima yenye vishazi tegemezi vitatu kabla hajafika penye fizikia. Mtunzi wa swali la maziwa anaweza kuandika mistari minane kuhusu mfanyabiashara, kijiji chake, tamaa yake na hasara ya majirani. Anaweza pia kuandika hivi: Muuzaji alitoa malai. Kisha akaongeza maji. Laktomita haikuonyesha kosa. Eleza kwa nini.

Ugumu wa swali haujapungua hata chembe, na bado haliwezi kujibiwa kwa kukariri. UNEB ingeweza kuwaelekeza watunzi wake hivyo kwa waraka mmoja: sentensi fupi, neno moja kwa maana moja, mchoro mahali palipo na chombo, na faharasa ndogo ya maneno yasiyo ya kisayansi. Wakati tukiungoja waraka huo, hakuna sheria inayomzuia mkuu wa idara hapa Ruti au kule Nakivale kutunga maswali ya mwisho wa muhula huu kwa namna hiyo, kisha kuyaweka majibu mezani na kuona ni nani alikuwa akijua siku zote.